Mwache stelingi: namna ya kumwona mwigizaji anayeibeba tamthilia kimyakimya

Kwenye vibanda umiza sheria ilijulikana kabla mkanda haujaanza: stelingi hafi. Macho yote kwake, na waliobaki wapo ili apate wa kupigana naye au wa kumlilia. Tabia hiyo tumehamia nayo kwenye tamthilia ndefu, na huko inatupotezea mengi, kwa sababu hadithi ya sehemu 60 haibebwi na mtu mmoja. Mara nyingi aliye wa tano kwenye orodha ya majina ana kazi ngumu kuliko mwenye sura kwenye bango. Kumwona kunataka mazoezi kidogo.

Chukua sehemu uliyokwisha kuitazama. Hapo usibishane. Ukitazama kwa mara ya kwanza akili inakimbizana na kisa, haina nafasi ya kuangalia mikono ya mtu. Kwa sehemu ya dakika 50 tenga kama saa mbili, na uwe na daftari na rimoti. Kasi iwe ya kawaida: anayetazama kwa kasi ya moja na nusu anakula vituo vyote vya maongezi, na vituo ndivyo tunavyovitafuta. Kama televisheni yako ni mpya, ingia kwenye mipangilio ya picha uzime ile ya kulainisha mwendo. Inafanya tamthilia ionekane kama taarifa ya habari, na mabadiliko madogo ya uso yanapoteza uzito.

Anza na majina. Kwenye tamthilia za Marekani mpangilio wa majina hujadiliwa kwenye mikataba, kwa hiyo una maana. Watazame walio baada ya wanne wa kwanza, na yule wa mwisho kabisa anayetangulizwa na neno "and", yaani "na", maana nafasi hiyo kwa kawaida hupewa mkongwe. Wageni wa sehemu ile, yaani waigizaji wasio wa kudumu, huwa wanatajwa baadaye, onyesho likiwa limeshaanza. Usimpime mgeni kwa kipimo cha mkazi. Hata tuzo za Emmy, zile za televisheni za Marekani, zimewatenga: anayeshindana kama mgeni ni lazima awe ametokea katika chini ya nusu ya sehemu za msimu huo.

Sasa chagua onyesho moja la dakika mbili au tatu lenye watu wawili. Litazame kama kawaida. Rudia ukiwa umezima sauti, macho yako kwa yule asiyezungumza tu. Mara ya tatu geuka, sikiliza bila kuangalia. Kila unachokiona kiandike kwa dakika na sekunde, tendo la mwili, na neno lililolisababisha. "12:40, anaacha kutafuna aliposikia jina la kaka yake" ni maandishi yenye kazi. "Kaigiza vizuri sana" hayamsaidii mtu.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni usikilizaji. Mwigizaji mbovu anaijua skripti, basi uso wake unaanza kujibu kabla neno halijafika. Mwingine anasubiri mwenzake amalize ndipo uso uwashwe kama taa. Anayesikiliza kweli hubadilika katikati ya sentensi, palepale kwenye neno linalouma. Baada ya hapo angalia mikono: je, anafanya kazi ya mhusika, au ameshika kikombe kwa sababu kimewekwa pale?

Mfano mzuri ni Clarke Peters katika The Wire, tamthilia ya Baltimore iliyoonyeshwa 2002 hadi 2008. Anaigiza Lester Freamon, mpelelezi wa makamo ambaye mwanzoni anakaa mezani akichonga samani ndogo za nyumba ya mwanasesere, na wenzake wanamwona mzigo tu. Polisi hawana hata picha ya mtu wanayemsaka. Sehemu ya tatu ya msimu wa kwanza anatoka peke yake, anarudi na bango la zamani la ndondi lenye sura ya mtu huyo. Sehemu ya nne tunaelewa: alitupwa kwenye kitengo cha maduka ya rehani, akakaa miaka 13 na miezi minne. Sasa rudi sehemu ya pili, umtazame yule mzee wa kona ukiwa unayajua hayo. Swali ni moja: je, huyo mpelelezi mkali alikuwa tayari amekaa pale? Jibu ni ndiyo, na utalipata kwenye namna anavyoinua macho pale mtu anaposema jambo la maana, kisha anarudi kwenye kazi yake. Tamthilia hiyo haikupata Emmy hata moja. Iliteuliwa mara mbili tu, zote kwa uandishi. Ukihesabu vikombe kama njia ya kupima waigizaji, hapo unakwama.

Kuna wanaotuzwa na bado mitaani hakuna anayejua majina yao. Margo Martindale alipata Emmy mwaka 2011, akiwa na miaka 60, kwa Mags Bennett wa msimu wa pili wa Justified, kisha mbili nyingine, 2015 na 2016, kwa The Americans. Tazama sehemu ya kwanza ya msimu huo wa Justified. Anammiminia mgeni pombe ya kienyeji, wanaongea kama mama mwenye duka na mteja wake, kisha mgeni anaanza kuishiwa nguvu. Sumu haikuwa kwenye chupa, ilikuwa kwenye glasi. Fanya lile zoezi la kugeuka na kusikiliza tu, ujaribu kutaja sekunde ambayo sauti inahama kutoka ukarimu kwenda mauaji. Hutaipata, kwa sababu hakuipandisha wala kuishusha. Anamuua huku akimbembeleza.

Halafu machozi, eneo ambalo watazamaji wengi hudanganyika. Kulia si kipimo. Tazama Rhea Seehorn, aliyemwigiza wakili Kim Wexler katika Better Call Saul, tamthilia ya sehemu 63 iliyoonyeshwa 2015 hadi 2022. Kwenye sehemu ya 12 ya msimu wa sita, Kim yumo ndani ya basi kati ya abiria asiowajua, na kilio kinamshinda. Kamera imetulia, haikimbilii kwingine. Anachofanya Seehorn si kutafuta machozi, anayazuia. Anayameza, yanarudi, anayameza tena, mpaka mwili unamkatalia. Abiria wa karibu anamwekea mkono bila neno. Ukimaliza, rudi misimu ya mwanzo umwone ofisini, nywele zimefungwa nyuma, mgongo umenyooka, ndipo utajua ni kitu gani kimevunjika. Emmy ilimteua kwa mara ya kwanza mwaka 2022, msimu wa mwisho. Tamthilia yenyewe iliteuliwa mara 53, ikatoka mikono mitupu.

Kabla hujamsifu mtu, hakikisha sifa ni zake. Nakili maneno yake kwenye karatasi, uyasome kama unasoma risiti. Yakiwa bado yanakuchoma, mpe mwandishi fungu lake. Kisha hesabu mikato: gonga meza kila picha inapobadilika. Hisia iliyojengwa kwa picha fupifupi imetengenezwa na mhariri kwa sehemu kubwa, ila picha ikikaa sekunde 20 au zaidi bila kukatwa, hapo mwigizaji yuko peke yake na hana pa kujificha. Muziki wa huzuni ukitangulia kabla ya uso, punguza alama. Na jihadhari na huruma: kumpenda mhusika kwa sababu ameonewa si sawa na kuukubali uigizaji. Vipande vifupi vya mtandaoni ndio mtego mkubwa zaidi, kwa kuwa anayevikata huacha mwenye kusema na kumtoa mwenye kusikiliza.

Tamthilia zilizoingizwa sauti zina hesabu yake. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, uso ulikuwa wa Hai Qing wa China na sauti ya Kiswahili ilikuwa ya mtu mwingine. Hizo ni kazi mbili, zipime mbalimbali: uso kwa kuzima sauti, sauti kwa kugeuka. Hao wa sauti nao wasifiwe, maana kama kuna waigizaji wasiotajwa duniani, ni wao. Kwa zenye maandishi chini ya picha, yasome mara ya kwanza, mara ya pili yazime, la sivyo macho yako yatashinda chini ya kioo.

Tamthilia zetu za kila siku usizipime kwa fimbo hiyohiyo. Zinarekodiwa kwa haraka, kurudia ni kwa uchache, na picha ndefu isiyokatwa hutaiona. Hapa tafuta uthabiti: je, mwendo wake ni uleule baada ya wiki sita? Anakumbuka usoni tusi alilotukanwa wiki iliyopita? Na pale kamera inapousogelea uso kabla ya matangazo, angalia nani anaendelea kufikiri na nani amekaa kama anapigwa picha ya pasipoti.

Ukitaka kuandika sifa hizo wengine wasome, maneno 150 yanatosha. Taja mwigizaji, mhusika, msimu, sehemu na dakika, eleza tendo moja tu, kisha sema linabadilisha nini kwenye hadithi. Onya mapema kama unafichua mwisho. Usiandike "hajawahi kupata tuzo" kabla hujahakikisha. Na jina liandike kwa herufi zake zote: Seehorn ina e mbili, na ukiweka "Seahorn" anayemtafuta mtandaoni hatakufikia.