Kabla hujaandika barua ya madai kwa Kiingereza

Amua kwanza kama Kiingereza kinahitajika. Unayemdai akiwa Igoma au Kirumba, hapa Mwanza, andika Kiswahili. Mahakama za mwanzo zimesikiliza mashauri kwa Kiswahili miaka yote, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kiingereza kina kazi yake pale mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni anapopeleka mzigo Kampala, akalipwa nusu, kisha mnunuzi akaacha kupokea simu.

Barua ya namna hiyo inahitaji uangalifu, kwa sababu ndiyo itakayosomwa na wakili wa upande wa pili, na pengine na hakimu.

Jiulize shauri lako ni la madai au la jinai. Sisi husema "nitamshtaki" kwa yote mawili. Kiingereza hutenganisha: anayedai haki yake mwenyewe hutumia "sue", na "charge" ni ya mashtaka ya jinai. Ukimwandikia mnunuzi "I will charge you", ataelewa kwamba utamtoza pesa. Andika "I will sue you for the unpaid balance". Angalia kwamba "sue" haifuatwi na "against". Neno hilo huja kwenye "file a suit against you" au "take legal action against you", na hapo "legal action" haitanguliwi na "a" wala haiongezwi "s". Mtuhumiwa wa wizi ni "accused of theft". Akifikishwa mahakamani ni "charged with theft". Kwa deni la biashara usiyaguse maneno ya wizi hata kama umekasirika, maana unaweza kujikuta wewe ndiye unayedaiwa kwa kumchafulia mtu jina.

"Namdai" nayo inawaponza wengi. "I am demanding you four million shillings" si Kiingereza. Sema "You owe me four million shillings". Hali kadhalika "kufungua kesi": kesi ya madai kwa Kiingereza "unai-file", yaani "file a suit".

Halafu kuna sentensi inayokaa mwishoni mwa barua nyingi zinazochapwa kwenye steshenari zetu: "Failure to which legal action will be taken." Imezoeleka Afrika Mashariki yote, lakini sarufi yake haisimami. Ni "failing which", tena hutanguliwa na mkato, si nukta: "Please pay the balance within 14 days of the date of this letter, failing which I will file a suit against you." Mimi napendelea iliyo nyepesi zaidi: "If you do not pay by 30 June, I will sue you for the balance." Tarehe iko wazi na anayetenda anaonekana.

Ukidai fidia, andika "damages". Ukiacha "s", "damage" ni uharibifu wenyewe, labda wa mtumbwi au injini.

Kagua na muda. Kwa sheria ya Tanzania, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na madhara mengi yasiyotokana na mkataba miaka 3. Ukikusudia kuishtaki Serikali, notisi ni siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri.

Mwisho, usibandike "Without prejudice" juu ya barua kwa sababu tu umeiona kwenye barua ya wakili. Maneno hayo ni ya mazungumzo ya suluhu, ili mtakayokubaliana kulegeza yasije yakatumika dhidi yenu mahakamani. Ukiyaweka kwenye barua ya kudai, unajiwekea kikwazo siku utakapotaka kumwonyesha hakimu kwamba ulimdai mapema na kwa maandishi.