SOMO: Kuandaa bustani ya mboga kabla ya masika, na kwa nini miche inalala kitaluni

Wadau, salaam. Tangu Januari iishe naulizwa swali lile lile: "Mkuu, nyanya zangu ziliota vizuri, siku ya kumi zimelala chini zote, mbegu feki?" Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Niko Morogoro, chini ya Uluguru, nina matuta sita uani. Masika kwetu hushika katikati ya Machi, kwa hiyo kazi hizi ni za Februari. Wa Dodoma, Mbeya na Songea, mvua zenu ni za msimu mmoja, anzeni Oktoba.

1. Safisha eneo. Masalia ya nyanya, bilinganya na hoho usiyatie kwenye mboji, yachome.

2. Lima sentimita 20 hadi 30, acha juani wiki moja. Sota (viwavi wa ardhini wanaokata miche) watafichuka na kuku watawamaliza.

3. Inua matuta sentimita 15 hadi 20, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kwenye mteremko, tuta likinge maji, lisifuate maji.

4. Samadi iliyooza, debe moja kwa mita moja ya mraba. Iliyooza hainuki, haina joto ukiichimba, na huoni tena nyasi ndani yake. Mbichi inaunguza mizizi na inakuletea magugu.

5. Kitalu. Hapa naomba usome taratibu.

Masika ya 2019 nilimwaga pakiti nzima ya nyanya kwa mkono kwenye tuta la mita moja. Ziliota kama zulia. Nikaacha nyasi juu yake siku tano zaidi kwa kuogopa jua, na nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Jumatatu nikaona kiduara kidogo cha miche iliyolala. Alhamisi tuta lilikuwa tupu. Nilikwenda kugombana na muuza mbegu, nikanunua nyingine, nikasia tuta lile lile, zikafa tena. Baadaye bwana shamba alinishikisha mche mmoja akaniambia niangalie shina usawa wa udongo: jembamba, la kahawia, kama limenyongwa kwa uzi. Hiyo ni kinyausi. Ni ukungu wa ardhini, na unapenda vitu vinne: unyevu usiokauka, msongamano, kivuli kizito, na udongo uliokwisha kuoteshwa miche ya jamii ile ile. Mimi niliupa vyote vinne. Nilirudi kumwomba radhi yule muuza mbegu.

Kwa hiyo:
- Kitalu kihame kila msimu. Usisie nyanya palipokuwa na nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu au viazi mviringo.
- Choma pumba za mpunga au majani makavu juu ya tuta, acha lipoe, changanya majivu, kisha sia.
- Sia kwa mistari, sentimita 15 kati ya mstari na mstari, kina sentimita 1. Miche ikisongamana punguza, hata kama roho inauma.
- Funika kwa nyasi kavu mpaka mbegu ichungulie. SIKU HIYO HIYO ondoa nyasi. Weka kichanja chepesi cha makuti au nyasi juu, kimo cha mita moja, hewa ipite.
- Mwagilia asubuhi tu. Udongo wa juu uwe mkavu jua likizama.
- Ukiona kiduara kimeanza, ng'oa miche iliyolala pamoja na ya kando yake na udongo wake, tupa mbali, simamisha maji siku mbili. Uliolala hauponi.

6. Wiki ya mwisho kitaluni punguza maji na kichanja ili miche izoee jua.

7. Hamisha jioni, miche ikiwa na majani halisi (usihesabu yale mawili ya kwanza) manne au matano, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne. Lowesha kitalu kwanza, toa mche na donge lake, usiubane shina. Nyanya na sukuma wiki mimi naweka sentimita 60 kwa 45.

8. Weka matandazo, yaani nyasi kavu juu ya udongo, ila yasiguse shina.

Mchicha hauhitaji kitalu. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sia kwa mistari tutani, wiki ya nne unachuma. Kwa anayeanza masika hii, nashauri mchicha, chainizi na matembele kwanza. Nyanya wakati wa mvua ni vita na bakajani (ugonjwa wa madoa ya majani), na si vita ya msimu wa kwanza.

MASWALI

jembe_jipya: Mkuu miche yangu imekufa yote, hawa wauza mbegu ni matapeli. Nifanyeje?

Jibu: Iliota? Basi mbegu ni nzima. Hatua ya 5.

jembe_jipya: Nimepita juu juu. Nitajie tu dawa ya kupiga.

Jibu: Sitaji dawa kwa mtu ambaye hajaniambia alimwagilia saa ngapi na alisia vipi. Soma, kisha rudi na majibu hayo mawili.

mzee_wa_keni: Sikubaliani na maji ya asubuhi tu. Shuleni tulifundishwa jioni ndiyo bora, maji hayapotei kwa jua.

Jibu: Shikamoo mzee. Bustani iliyokomaa wakati wa kiangazi, hata mimi namwagilia jioni. Nilichoandika ni kitalu, tena karibu na mvua. Mche wa siku kumi ukilala na shina bichi usiku kucha, ukungu unapata saa kumi na mbili za kazi.

mama_wa_uani: Niko Dar, sina ardhi, nina viroba na ndoo za rangi. Nimesoma hatua ya 5 mara mbili, nimeelewa kivuli na maji, ila sijui kinyausi kitaingiaje kwenye kiroba kama udongo ni mpya?

Jibu: Swali zuri, dada. Udongo mpya ni wa kwako, lakini ulitoka mahali. Kama ulichotwa kwenye shamba la mboga, ukungu umekuja nao. Chukua wa juu chini ya miti, changanya mafungu matatu na samadi iliyooza mawili na mchanga moja. Toboa chini ya kiroba na pembeni, maji yasituame. Ndoo za rangi ziache, tafuta za mafuta ya kula. Anza na matembele: kata vipande vya urefu wa kiganja, chomeka, hakuna kitalu hakuna kinyausi.

mbali_na_nyumbani: Kaka, niko Uingereza, nimepata kipande cha kukodi. Huku ndiyo majira ya kuchipua yanaanza. Nisie mchicha Machi?

Jibu: Hapana, subiri. Dada yangu ana kipande kama hicho Leeds, na baridi ya kugandisha inaweza kurudi hadi Mei. Mchicha unataka udongo wa joto: usie ndani dirishani Aprili, utoe nje mwisho wa Mei. Sukuma wiki inavumilia, anza nayo hata Aprili. Chainizi usiiguse sasa, siku zinavyorefuka inakimbilia maua. Isie Julai. Na kinyausi dirishani kipo, tena sana, kwa sababu jua ni hafifu na hewa haitembei.

mpenda_mnavu: Masika konokono wananimalizia mnavu. Majivu yanasaidia?

Jibu: Yakiwa makavu tu. Mvua moja, kwisha. Toka saa mbili usiku na tochi, waokote. Siku tatu mfululizo utaona tofauti.

mpenda_mnavu: Mimi naweka ganda la papai kando ya tuta jioni, wanajikusanya chini yake, asubuhi nalibeba nao.

Jibu: Hili sikuwa nalijua, nalijaribu leo. Na mbegu za nyanya unatunza mwenyewe?

mpenda_mnavu: Za aina ya Tanya, ndiyo. Nakamua na maji yake kwenye kikombe, siku mbili zichachuke utelezi utoke, naosha, naanika kivulini kwenye sahani. Kwenye karatasi zinagandia.

Jibu: Wadau mmeona. Tanya na Tengeru 97 zinakubali hivyo. Chotara usitunze, kizazi cha pili hakifanani na mama. Mpenda_mnavu, ukikausha za mwaka huu niwekee kijiko kimoja, nitakupa vipande vya kupanda vya matembele mekundu.