Kumhamishia mtu mafaili kwenye kompyuta mpya bila kitu kubaki nyuma

Asiyezoea kompyuta hajui faili lake linakaa wapi. Anachojua ni namna anavyolifungua. Ukimuuliza "vitu vyako viko wapi?" atakujibu "si vimo humo humo." Basi unanakili folda ya Documents, unaaga. Wiki mbili baadaye mwalimu mstaafu wa Makorora, Tanga, anatafuta hesabu za kikundi chake cha VICOBA, ambazo miaka yote zilikuwa kwenye Downloads, na mashine ya zamani imeshauzwa Ngamiani.

Kwa hiyo usianze na kebo. Vuta kiti ukae pembeni yake: "Shikamoo mwalimu. Hebu nifungulie zile hesabu, kama unavyozifungua kila siku." Kipanya mwachie yeye, wewe tazama mkono wake unakwenda wapi. Akifungulia ndani ya Excel au Word, kwenye orodha ya mafaili ya karibuni, chini ya jina la faili pameandikwa folda lilimo. Iandike kwenye karatasi. Akibofya ikoni iliyo kwenye Desktop, angalia kona yake ya chini kushoto. Ikiwa na kamshale, hilo si faili bali ni njia ya mkato. Bofya kitufe cha kulia, chagua Open file location, ndipo utaona faili lenyewe. Ukinakili njia ya mkato peke yake, kwenye kompyuta mpya haitafungua chochote.

Mpitishe hivyo kwa kila kazi: barua, picha, video za harusi, risiti alizoskani. Muulize pia kuhusu diski D, na usimwage Recycle Bin kabla ya kumuuliza. Wapo wanaoitumia kama kabati.

Kwenye Windows, vingi vya mtu viko ndani ya C:\Users na folda yenye jina lake: Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Kama OneDrive imewashwa, Desktop na Documents huenda zimehamia ndani ya folda ya OneDrive, na faili lenye alama ya wingu halimo kwenye mashine hata kidogo, liko intaneti. Bofya kulia, chagua Always keep on this device, usubiri lishuke.

Programu hazihami kwa kunakiliwa. Word, Photoshop na programu ya printa huwekwa upya kwenye mashine mpya, kwa hiyo tafuta leseni na nywila mapema. Anayetunza hesabu za duka kwa Tally asinakili folda kwa kubahatisha: afanye Backup ndani ya Tally yenyewe, kisha aiondoe leseni kwenye mashine ya zamani kabla ya kuiwasha kwenye mpya. Alama za tovuti zilizo kwenye Chrome zinatolewa kama faili moja kupitia Bookmark manager. Nywila nazo zinaweza kutolewa, lakini faili lake linasomeka na yeyote anayelifungua, kwa hiyo lifute mara tu ukishaliingiza upande wa pili.

Sasa kifaa cha kubebea. Bofya kulia folda ya mtumiaji, fungua Properties, usome ukubwa wake. Tuseme ni GB 80. Flashi ya bei ndogo inayoandika MB 8 kwa sekunde itakuweka karibu masaa matatu. Diski ya nje kwenye tundu la USB 2.0, kwa MB 30 kwa sekunde, ni kama dakika 45. Kwenye USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu, diski inayofika MB 100 humaliza kwa robo saa hivi. Picha ndogo ndogo maelfu huchukua muda zaidi ya video moja yenye ukubwa uleule. Kupandisha GB 80 kwa bando ili uzishushe tena chumba hichohicho hatushauri.

Flashi inayodai TB 1 kwa bei ya chakula cha mchana ni feki. Itapokea kila kitu bila kulalamika, kisha mafaili yatakayozidi uwezo wake halisi hayatafunguka. Ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza yote na kusoma tena ilichoandika.

Kingine kinachowachanganya wengi ni flashi yenye nafasi tele kukataa faili moja. Flashi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, usiopokea faili linalofika GB 4, na video ya harusi hupita hapo bila shida. Ifomati kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ukijua kwamba kufomati kunafuta vyote vilivyomo.

Kunakili ni kunakili, usikate. Ukikata na umeme ukazimika katikati, unabaki na nusu huku na nusu kule. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, deskitopu iwe kwenye UPS (betri ya akiba), na usingizi wa mashine uzime kwenye mipangilio ya Power. Kwa mzigo mkubwa tunapendelea robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows tangu Windows Vista. Fungua Command Prompt, uandike, ukiweka jina la folda na herufi ya diski yako:

robocopy "C:\Users\Mwalimu" "E:\Mwalimu" /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Umeme ukikatika, rudia amri hiyohiyo: itaruka yaliyokwishafika na kuendelea na yaliyobaki. Mwishoni fungua ripoti, tazama safu ya FAILED. Faili la NTUSER.DAT na wenzake litakataa kwa sababu Windows inalitumia, hayo yaache. Jina lingine lolote lifuatilie moja moja.

Kabla ya kuchomoa, linganisha Properties za pande zote mbili, folda kwa folda: idadi ya mafaili na mstari wa Size. Mstari wa Size on disk usikutishe, hutofautiana kwa sababu ya mfumo wa diski. Kisha toa kifaa kwa Eject, ukikagua virusi kwenye mashine mpya kabla ya kufungua chochote. Ukikuta kwenye flashi folda zote zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Mafaili kwa kawaida yapo, yamefichwa tu. Andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na yatajitokeza. Njia zile za mkato zifute.

Mashine ya zamani ikikataa kuwaka, usikate tamaa mapema. Tanga hewa ina unyevu na chumvi, na miguu ya RAM (kibao cha kumbukumbu) hushika kutu nyembamba. Chomoa umeme, toa RAM, sugua sehemu ya dhahabu kwa kifutio cheupe, irudishe mpaka vishikizo vilie. Isipowaka, toa diski uiunganishe kwa adapta ya SATA kwenda USB. Ya inchi 2.5 inatosheka na umeme wa USB, ya inchi 3.5 inahitaji chaja yake ya volti 12. Laptopu mpya mpya zina diski ndogo bapa za M.2, ambazo zina adapta yake tofauti. Windows ikisema huna ruhusa, bonyeza Continue uwe na subira. Ikidai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, ni tarakimu 48, mara nyingi ziko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Diski ikigonga tik-tik, izime hapohapo. Kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza.

Mwisho mkalishe mwenyewe kwenye kompyuta mpya, ushike ile karatasi ya mwanzo, afungue kila kazi iliyoandikwa kwa mkono wake. Ya zamani ikae mwezi mzima bila kuguswa, kwa sababu barua za Desemba hukumbukwa Desemba. Ikifika siku ya kuiuza, kwenye Windows 10 au 11 tumia Reset this PC, Remove everything, ukiwasha chaguo la Clean data. Iliyo na Windows 7 itoe diski kabisa, umkabidhi mwalimu mkononi.