Usifomati diski kabla ya kujua ni ya aina gani

Mafundi wenzangu wa Kampala, mteja akileta diski anayosema imekufa, tafadhali msikimbilie kuifomati. Juzi nililetewa moja kutoka Mbale, imejaa picha za harusi, na mteja alikuwa ameshaambiwa haina kitu. Kumbe ilikuwa na XFS tu, mfumo wa faili (namna ya kupanga data kwenye diski) wa Linux, na Windows haiwezi kuusoma yenyewe.

Kwenye Linux andika `lsblk -f`. Safu ya FSTYPE inaonyesha mfumo wa faili wa kila kigawanyo (sehemu ya diski). Ikiwa tupu, jaribu `sudo blkid -p /dev/sdb1` (badala ya sdb1 weka jina la kigawanyo chako), inayokwenda kusoma diski yenyewe.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Ukitumia `stat -f` kwenye ext4, mfumo mwingine wa faili wa Linux, unaambiwa `ext2/ext3`. Diski haina kasoro. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huipa kila aina ya mfumo wa faili namba ya utambulisho, na ext2, ext3 na ext4 zote zinatumia namba moja, 0xEF53, kwa hiyo programu inayotazama namba hiyo peke yake haiwezi kuzitofautisha. (Ya XFS ni 0x58465342, ukiigeuza kuwa herufi unapata XFSB.) Mimi nikitaka jina kamili la mfumo wa faili wa diski iliyokwisha kufunguliwa (mount), hutumia `df -T` au husoma `/proc/mounts`.

Kerneli ikigoma kuifungua, soma `/proc/filesystems`, orodha ya aina inazozijua kwa wakati huo. Zenye neno `nodev` hazihitaji diski. Usipoiona unayoitaka, huenda moduli yake (kipande cha kerneli kinachoisoma) haijapakiwa; kwa XFS, andika `sudo modprobe xfs`, kisha jaribu tena.