Steki ya mkaa na sosi ya kotmiri
Wakuu, kama leo usiku mnachoma steki, nyama ifuteni maji kwanza mpaka iwe kavu ndo mtie chumvi, maana ikiwa na maji inachemka tu, haishiki rangi. Mkaa usubirini uote jivu jeupe. Sosi sasa, utamu wote uko hapo: kotmiri fungu zima, mnanaa kidogo, kitunguu swaumu punje mbili, pilipili mbuzi na chumvi, mnatwanga kwenye kinu (blenda inaifanya uji, mimi siipendi), halafu mafuta vijiko vitatu. Ndimu mkamulie mwishoni kabisa, ikikaa sana majani yanapauka. Nyama ikitoka motoni iacheni kama dakika 5 ndo mkate, tena mkate kukingama nyuzi zake.