Tawi kwanza, kipara baadaye: kwa wenye mashamba ya kuwindia kulungu

Msimu huu tena nimeitwa kwenye mashamba matatu huku Marekani, mawili Ohio na moja Kentucky, na kote nimekuta kosa lile lile. Ardhi imekwanguliwa vizuri kuiga kipara, yaani mahali dume anapopara udongo kwa kwato na kuacha harufu yake: duara safi kama la kuchezea gololi. Chupa tupu ya mkojo wa kulungu imetupwa pembeni. Kamera imefungwa mtini. Juu ya kile kipara hakuna kitu, hata kijiti. Mwenye shamba ananiuliza kwa nini madume hawaji. Ndugu zangu, waje kufanya nini?

Leo nitaongea zaidi juu ya tawi, maana hapo ndipo pesa na msimu vinapopotea. Leseni, nguo za rangi ya chungwa na jinsi ya kufunga dungu mnavijua, hamkuanza jana.

Anayemjua digidigi ataelewa haraka. Digidigi huchomeka ncha ya jani au kijiti kwenye kile kitundu cheusi karibu na jicho, akaacha tone jeusi la kunata, na mwenzake akipita anapata habari zote. Huyu wa huku mwenye mkia mweupe (tunamwita kulungu kwa mazoea, kulungu wa nyumbani hadondoshi pembe, huyu hudondosha kila mwaka, ni wa ukoo wa yule ayala wa kwenye Zaburi) naye ana tezi kwenye kona ya jicho na nyingine kwenye paji la uso. Harufu za tezi hizo, pamoja na mate, anaziacha kwenye tawi linaloning'inia. Kipara cha chini ni nyongeza. Tawi hutumiwa mwaka mzima, na madume hata majike. Kipara ni cha miezi michache tu.

Niliwahi kumtazama mmoja kutoka kwenye dungu, mwisho wa Oktoba, asubuhi yenye umande. Alikuja moja kwa moja kwenye tawi, hakuinamisha kichwa kabisa. Alilinusa, akaitia ncha mdomoni akaitafuna taratibu kama mtu anayetafuna mswaki, kisha akajisugua nayo kona ya jicho, halafu paji la uso. Hapo ndipo alipopara ardhi, mara nne kwa mguu wa kulia, mara mbili kwa wa kushoto. Akaingia katikati, akabana magoti ya nyuma na kukojoa ili mkojo uteremke juu ya yale manyoya meusi ya miguuni. Harufu ilinifikia juu. Aliyefuga beberu anaijua. Tawi lilichukua dakika nzima, ardhi sekunde chache. Sasa wewe unaiga zile sekunde chache na kuiacha dakika nzima.

Vipimo. Ncha ya chini ya tawi iwe sentimita 150 kutoka udongoni. Nasema 150, sisemi "usawa wa kidevu", kwa sababu kidevu changu si chako. Likishuka mno dume mkubwa anaweza kulivunja kwa pembe kabla hajalilamba. Likipanda juu ya 170 majike na madume wachanga watalifikia kwa taabu, na hao ndio wanaolitia harufu mapema. Chukua tepu ya fundi, usikadirie kwa macho.

Na upime ukishakwangua, si kabla. Ukiondoa majani yaliyooza na mizizi ya nyasi unashusha ardhi sentimita tano, pengine zaidi. Kwenye mteremko pima kutoka pale mnyama atakapoweka miguu ya mbele, si kutoka shinani mwa mti. Rudi kupima kesho yake, kwani tawi bichi lililovutwa chini hulegea usiku. Mzee wangu mmoja wa Kentucky alibisha sana juu ya hili. Tulipopima pamoja, tawi alilolifunga kwenye 150 lilikuwa limeshuka hadi 118. Majike walikuwa wanalipita ubavuni.

Ncha iwe nyembamba kama kijiti cha ufagio wa chelewa, na pale unapofungia pawe na unene wa kidole gumba. Liwe jepesi la kurudi likivutwa. Mwaloni na mtofaa hufanya kazi hii vizuri. La kuota lenyewe ni bora kuliko la kufungwa: livute chini kwa kamba, usilikate. Kama huna budi kukata, ujue litakauka, basi mwanzoni mwa Oktoba libadilishe kwa jipya. Pasipo na mti wa maana, ning'iniza kamba ya katani yenye unene wa sentimita mbili au tatu, ncha yake ifumuliwe, iishie kati ya 120 na 150. Ndiyo ile ile ya mkonge wa mashamba ya Tanga. Nailoni usiilete, haishiki harufu.

Kipara chenyewe, reki ya kawaida inatosha: upana wa sentimita 60 hadi 90, udongo mtupu uonekane, na ncha ya tawi iwe juu ya katikati yake. Basi.

Wakati. Funga tawi kuanzia katikati ya Agosti, lisipite mwisho wa Septemba. Kwangua wiki ya kwanza ya Oktoba. Kwa majimbo haya ya kaskazini na kati, madume hupara kwa nguvu siku kumi za mwisho za Oktoba na siku chache za mwanzo wa Novemba. Ikifika katikati ya Novemba majike wengi wako kwenye joto. Dume anamfuata jike mwenyewe, ana haja gani tena ya kusoma barua? Hata hivyo kila mwaka napigiwa simu tarehe 15 Novemba na mtu anayeuliza akwangue wapi. Umechelewa, baba. Na usiniambie kwamba mwaka huu baridi imekawia. Kinachoamua ni kufupika kwa mchana, na mchana haukawii. Walioko kusini wasifuate tarehe zangu; sehemu kubwa ya Alabama madume hupanda Januari.

Sasa ile chupa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kuna ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Unaletwa na protini iliyojikunja vibaya, inaitwa prioni, na hauna dawa wala chanjo. Prioni hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, na ikiingia udongoni hukaa miaka. Mkojo wa chupa hukusanywa kwa kulungu wa kufugwa, na wewe unaumwaga mahali ambapo kila kulungu wa mtaa huo ataleta pua yake. Virginia ilipiga marufuku mkojo wa asili mwaka 2015, na Vermont nayo imeukataza. Majimbo mengine hukataza katika wilaya fulani tu, na orodha hubadilika, kwa hiyo kitabu cha sheria cha jimbo lako kisome kila mwaka, hata kama uliwinda mwaka jana bila shida. Mimi nasema usiumwage popote. Tawi likiwa sawa hulihitaji, na ukishindwa kujizuia kuna harufu za kutengenezwa kiwandani zisizotoka kwa mnyama. Kama ugonjwa umethibitishwa katika wilaya yako, usitengeneze kipara kabla ya kuiuliza ofisi ya wanyamapori. Tennessee prioni zimepatikana kwenye vipara walivyopara kulungu wenyewe.

Mahindi na chumvi pia visiguse kipara. Hapo umeshaweka chambo, na jimbo kama Iowa halikubali kulungu awindwe juu ya chambo.

Vaa gambuti na glavu za mpira unapofunga tawi, nenda mchana, na ukishakwangua na kupima mara ya mwisho usirudi kwa wiki tatu. Ukiona ncha imetafunwa na nyayo mpya zimo ndani, mambo ni mazuri.

Dungu lisiwe juu ya kipara. Uchunguzi uliofanywa Georgia kwa kamera ulionyesha kwamba asilimia 85 hivi ya shughuli kwenye vipara hufanyika usiku, kwa hiyo ukikaa pale utaona sungura. Sogea mita 60 hadi 100 kuelekea kichaka wanakolala mchana, upepo ukikupiga usoni, umkute dume akiwa bado njiani na mwanga upo. Kamera ifunge mita nne kutoka kipara, juu kuliko kichwa chako, ikitazama chini na kuelekea kaskazini ili jua lisiingie kwenye lenzi. Betri ziwe za lithiamu, zitiwe Septemba, zifike Desemba bila wewe kurudi kuzibadilisha.