Imeili ya ofisi ifunguke popote: kuset Dovecot hatua kwa hatua

Mafundi wenzangu wa Kampala, Busia, Mbale na kwingine, hili swali mnalijua, mteja anakuita anakwambia nikiwa ofisini imeili naiona vizuri ila nikifika Malaba simu haionyeshi kitu. Mara nyingi ukichunguza unakuta kuna kompyuta moja pale mapokezi inatumia POP3, inavuta barua zote kutoka kwenye seva alafu inazifuta kule, sasa huyo wa Malaba ataona nini? Dawa yake ni IMAP, barua zinabaki kwenye seva na kila kifaa kinafungua boksi lile lile, na Dovecot ndiyo programu ya seva inayotoa hiyo IMAP.

Mi naenda na Ubuntu 24.04, Postfix (programu ya seva ya kupokea na kutuma barua) iko tayari na inapokea barua, na Dovecot 2.3 ambayo ndiyo inakuja na hiyo Ubuntu. Kama una Debian 13, pale Dovecot ni 2.4 na mipangilio mingi imebadilishwa majina, usikopi mistari yangu kichwa kichwa maana haitawaka kabisa. Alafu jambo moja, usikimbilie simu. Watu wanaset kila kitu kwa mpigo wanachukua simu ya bosi kujaribu, ikigoma hawajui kama shida ni paswadi, cheti au fayawoli. Tunaanzia ndani ya seva tunatoka nje polepole, na hatua haijakubali hatuivuki.

Hatua ya 1: Weka Dovecot

`apt install dovecot-core dovecot-imapd`

Pop3d achana nayo. Hakikisha pia jina kama mail.mfano.co.ug (weka domeini yako) linaelekea kwenye IP ya seva.

Hatua ya 2: Barua zikae wapi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Postfix na Dovecot lazima wakubaliane sehemu moja, la sivyo barua zinaingia na boksi linaonekana tupu, na logi haikulalamikii hata kidogo.

`postconf -e 'home_mailbox = Maildir/'`

Hiyo alama ya mkwaju mwishoni usiiache, ndiyo inaiambia Postfix kwamba ni folda ya Maildir na sio faili moja refu. Kisha fungua /etc/dovecot/conf.d/10-mail.conf uandike:

`mail_location = maildir:~/Maildir`

Reload Postfix, restart Dovecot.

Hatua ya 3: Mtumiaji na jina lake

`adduser --shell /usr/sbin/nologin akello`

Ile nologin inamzuia kuingia kwenye seva kwa SSH, yeye kazi yake ni barua tu. Sasa kuna mtego, Dovecot kwa mpangilio huu inamjua kama akello, lakini watu kwenye simu wanaandika anwani nzima, akello@mfano.co.ug, wanakataliwa wanasema paswadi mbovu. Kuliko kuwafundisha mmoja mmoja nenda 10-auth.conf uweke:

`auth_username_format = %Ln`

Inakata kila kitu kuanzia kwenye @ na inageuza herufi kubwa kuwa ndogo, hata yule ambaye simu yake inaanza na Akello anapita. Hii inafaa kama una domeini moja, ukiwa nazo mbili na akina Akello wawili tofauti itakuchanganyia. Restart Dovecot, jaribu hapo hapo kwenye seva:

`doveadm auth test akello`

Ukiona auth succeeded, mtumie barua moja ya majaribio uhesabu:

`doveadm mailbox status -u akello messages INBOX`

Ikisema messages=0 wakati barua umetuma, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Cheti cha TLS

TLS inaficha mawasiliano, na cheti kinathibitishia simu kwamba seva ni yenyewe. Dovecot ya Ubuntu inakuja na cheti ilichojisainia yenyewe, simu itakupigia kelele, na mtumiaji ukishamzoesha kubonyeza kubali kubali, siku akiwa kwenye waifai ya hoteli na kuna mtu katikati anayenasa mawasiliano atabonyeza vile vile. Chukua cha Let's Encrypt, ni bure, kwa programu ya certbot (iweke kwanza kama huna):

`certbot certonly --standalone -d mail.mfano.co.ug --deploy-hook 'systemctl reload dovecot'`

Poti 80 iwe wazi kutoka nje na isiwe na programu nyingine juu yake. Cheti kinaishi siku 90, certbot inakihuisha yenyewe, hiyo deploy-hook ni ya kumwambia Dovecot asome kipya, bila hiyo cheti kipya kiko kwenye diski ila Dovecot anaendelea kuonyesha cha zamani mpaka kife. Kwenye 10-ssl.conf:

`ssl = required`
`ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mail.mfano.co.ug/fullchain.pem`
`ssl_key = </etc/letsencrypt/live/mail.mfano.co.ug/privkey.pem`

Kile kimshale < sio kosa la uchapaji, kiache.

Hatua ya 5: Poti

Nje fungua 993 tu, poti ya IMAP yenye TLS, `ufw allow 993/tcp`. Ile 143, poti ya IMAP isiyoanza na TLS, mi naizima kabisa kwenye 10-master.conf, ndani ya inet_listener imap naweka `port = 0`. Kama seva iko hapo ofisini nyuma ya ruta, elekeza 993 kwenye ruta pia. Restart Dovecot.

Hatua ya 6: Jaribu kutoka nje

Achana na waifai ya ofisi, washa hotspoti ya simu yako, unga laptopu, alafu:

`openssl s_client -connect mail.mfano.co.ug:993 -crlf -quiet`

Ikikaa kimya ni fayawoli au ruta. Ikitaja self-signed, cheti cha hatua ya 4 hakijasomwa. Ikija * OK na Dovecot ready, andika `a login akello paswadi`, kisha `b select INBOX`, utaona idadi ya barua kwenye EXISTS, alafu `c logout`. Paswadi inaonekana kwenye skrini kwa hiyo angalia nani amesimama nyuma yako.

Hatua ya 7: Sasa chukua simu

IMAP, poti 993, SSL/TLS. Kutuma ni kazi ya Postfix kwenye 587, hiyo ina mambo yake. Kwa wanaotumia bando, programu kama K-9 Mail ina sehemu ya kupunguza ukubwa wa barua inayoshushwa, weka kidogo, zile PDF za forodha wafungue wanapozihitaji.

Ikishatembea

Boksi la pamoja kama info@ litakusumbua kwanza. Dovecot inaruhusu miunganisho 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka IP moja, na Thunderbird ya laptopu peke yake inaweza kushika 5, kwa hiyo laptopu mbili zimemaliza, wa tatu anakataliwa na logi inasema Maximum number of connections. Pandisha mail_max_userip_connections kwenye 20-imap.conf, 50 inatosha ofisi ndogo.

Ukiweka fail2ban (inafungia IP inayokosea paswadi mara nyingi), ambayo nashauri uweke, usifungie IP kwa siku nzima. Kwenye data ya simu wateja wengi wanatoka na IP moja, na mtu mmoja mwenye paswadi ya zamani kwenye simu atafungisha hata wasiohusika. Dakika 10 zinatosha.

Na simu ikiibiwa pale taksi paki, badilisha paswadi kwanza kwa `passwd akello`, alafu `doveadm kick akello`, kwa sababu muunganisho uliokwisha ingia haujali kama paswadi imebadilika. Angalia kwa `doveadm who` kama bado yumo.